Kubadilisha vioo vya gari la projekti: malizana na kioo kabla hujagusa bati

Projekti nyingi za kushusha paa, kutengeneza milango upya au kufungua madirisha kwenye van zinakwama sehemu moja tu, nayo ni kioo. Mtu anakata nguzo, anashusha paa, anachomelea, anapiga puti, bodi inapendeza kabisa alafu ndo anauliza sasa kioo nitapata wapi. Bati lina nafasi ya kurudi nyuma, ukikata vibaya unachomelea kipande, ukikunja vibaya unagonga. Kioo ukikosea umemaliza, unatafuta kingine. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu na nitaurudia humu ndani: kioo kinapangwa kwanza, bati linafuata kioo. Ukifanya kinyume chake utakuja kulipa mara mbili.

Hatua ya 1: Jua kioo ulichonacho ni cha aina gani

Gari lina vioo vya aina mbili kubwa. Kuna laminetedi, hichi ni vioo viwili vyembamba vimebana plastiki katikati, mara nyingi kila kioo karibu milimita 2 na plastiki milimita 0.76. Kikipigwa kinapasuka lakini vipande vinabaki vimeng'ang'ania plastiki. Kioo cha mbele karibu kila gari ni hichi. Alafu kuna tempadi, ambacho ni kioo kimoja kimepashwa moto wa digrii 600 na kitu kisha kikapozwa ghafla kwa upepo mkali pande zote mbili. Ngozi ya nje inapoa mapema na kuganda, tumbo linapoa baadaye na linataka kusinyaa wakati ngozi ishakaza, hivyo ngozi inabaki imebanwa na tumbo limevutwa. Ndo maana kina nguvu mara kadhaa kuliko kioo cha kawaida cha unene uleule, na ndo maana kikitobolewa tu ile ngozi kinamwagika chote kuwa punje ndogondogo.

Kutokana na hilo pata jibu la swali linaloulizwa kila siku: tempadi haikatwi, haitobolewi, haichongwi kingo. Siyo kwa almasi, siyo kwa maji, siyo taratibu, siyo kwa fundi mwenye mkono mwepesi. Ukiona mtu anasema amekata kioo cha mlango akaweza, basi kilikuwa siyo tempadi. Hata kupiga nembo kwa mchanga unaorushwa kwa presha ya hewa juu yake usizame, ule ukungu mwepesi wa juujuu tu ndo mwisho.

Utavitofautisha vipi? Soma muhuri kwenye kona ya kioo. Mara nyingi utakuta neno lenyewe limeandikwa. Kama kuna herufi E ndani ya duara na namba, hiyo inaonyesha kioo kimepitishwa kwa kanuni ya R43 ya Umoja wa Mataifa, na ile namba ni nchi iliyotoa kibali (1 Ujerumani, 2 Ufaransa, 11 Uingereza), haina uhusiano na ubora. Angalia pia namba za Kirumi, II ni laminetedi ya kawaida ya mbele, na V maana yake kioo kinapitisha mwanga chini ya asilimia 70, hicho usikipeleke mbele ya dereva. Magari ya Marekani yana AS1, AS2, AS3. AS1 ndo daraja la kioo cha mbele, AS3 ni kile cheusi cha nyuma.

Muhuri ukiwa umefutika, shusha kioo cha mlango nusu uangalie ukingo wa juu. Laminetedi utaona mstari katikati kama sandwichi, tempadi ni kipande kimoja. Au vaa miwani ya jua yenye polaroidi, ukiangalia tempadi kwa pembe utaona madoadoa yamejipanga, yale ni alama za ule upepo wa kupoza. Na usijiaminishe kwamba dirisha la mlango lazima ni tempadi, magari mengi mapya ya bei ya juu yana laminetedi hadi milangoni ili kupunguza kelele.

Hatua ya 2: Chagua njia, na hapa bado hujashika grainda

Hii ndo hatua ambayo watu wanairuka na mimi naona ndo kazi yenyewe. Una njia kama tano hivi na zinachanganyika kwenye gari moja.

Ya kwanza kabisa, usikikate kioo. Ukishusha paa sentimita 5, kioo cha mbele unaweza kukizamisha chini zaidi kwenye bati la chini ya waipa, au ukalaza nguzo za mbele nyuma kidogo ili urefu uleule wa kioo uenee kwenye kimo kifupi zaidi. Watu wanaona kulaza nguzo ni kazi kubwa lakini linganisha na kukata kioo kilichobinuka, kulaza ni rahisi, na gari linapata sura ya kukimbia. Kwenye milango vilevile, kioo cha tempadi kinaweza kubaki kizima kikakaa chini zaidi ndani ya mlango, unabadilisha tu pale mashine ya kupandishia inapoishia. Hasara yake kioo hakitashuka chote, kitabaki kimechomoza, na kama nguzo zimelala umbo la juu halitaoana na fremu, hilo lipime kabla.

Ya pili, tafuta kioo cha gari lingine. Zunguka kwenye magari yaliyokufa na futi yako na kipande cha waya laini cha kukopi mbinuko. Kioo cha nyuma cha gari fulani kinaweza kukaa kwenye lako kwa kuchomelea fremu yake tu. Ukikipata, kata na fremu ya bati kabisa uondoke nayo, sentimita chache pembeni kuzunguka kioo chote. Hiyo fremu ina pembe sahihi tayari, ukichukua kioo peke yake utasumbuka wiki nzima kutafuta mbinuko wa bati.

Ya tatu ni kukata laminetedi, ya nne kutengenezesha tempadi mpya kiwandani, ya tano polikaboneti, yaani plastiki ngumu inayoonekana kama kioo. Tutazipitia.

Kabla hujaamua angalia kioo chako kimebeba nini. Kama kuna kamera nyuma ya kile kioo cha kati cha kutazamia nyuma (ile ya kusoma mistari ya barabara), ukibadili kimo au pembe yake inabidi ipangwe upya kwa vifaa maalumu, na pembe mpya inaweza kukataa kabisa. Kioo cha nyuma kina zile nyaya za kuondoa ukungu na mara nyingine antena ya redio imechapwa humo, ukichagua kingine vinaondoka navyo. Na soma sheria ya nchi unayosajilia gari, nchi nyingi zinalazimisha laminetedi mbele na mwanga usiopungua asilimia 70 upande wa dereva, na wakaguzi wanatafuta muhuri. Kioo cha kukatiwa bila muhuri kinaweza kukukwamisha hata kama ni kizuri, kwa hiyo uliza mapema, na ukikata chako jitahidi ile kona yenye muhuri ibaki.

Hatua ya 3: Patani

Patani ni kiolezo cha umbo la kioo. Kadibodi ni ya kuanzia tu, inakupa wazo. Patani ya kweli tengeneza kwa plaiwudi nyembamba au MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) ya milimita 3, maana ina ukingo mgumu unaofanana na kioo. Chonga mpaka iingie kwenye fremu ikiwa na nafasi ya milimita 3 hivi kila upande, au kama inaingia kwenye mfereji wa raba pima kina cha mfereji na uache izame bila kugusa chini. Kioo kisiguse bati popote. Popote. Gari linajikunja likipita kwenye shimo, na pale kioo kinapogusa chuma ndipo ufa unaanzia.

Kwa dirisha la kupanda na kushuka, ifunge patani kwenye mashine ya kupandishia kabisa, ipandishe na kuishusha, funga mlango, fungua, tazama kama inakwama au inayumba. Fanya hivyo na raba mpya ziwe zimeshafungwa, raba za zamani zimesinyaa na zitakudanganya vipimo. Ikikubali ndo unaandika juu yake upande wa nje, mbele, juu, kushoto au kulia, na unene unaotaka. Fundi aliyepewa patani isiyo na maandishi atakata kinyume, na kosa linakuwa lako.

Unene nao una hesabu zake. Kioo kina uzito wa kilo 2.5 kwa mita moja ya mraba kwa kila milimita, hivyo kioo cha milimita 6 ni kilo 15 kwa mita ya mraba. Ukitoa kioo cha milimita 4 ukaweka laminetedi ya 6 na kidogo, mashine ya kupandishia inabeba nusu ya uzito zaidi ya iliyozoea, na mfereji wa raba unaweza kukataa unene huo. Angalia vyote viwili kabla ya kuagiza.

Hatua ya 4: Kukata laminetedi bapa

Magari ya zamani mengi yana vioo bapa na hiyo ni bahati, kioo kipya unakikata kutoka kwenye shiti la laminetedi kama ile ya milimita 6.38 au 6.76, hizo ni vioo viwili vya milimita 3 na plastiki katikati. Kama unabuni bodi yako toka mwanzo, chora madirisha bapa. Nasema hivi kwa moyo wote, utakuja kushukuru siku jiwe likirushwa na lori.

Vaa miwani iliyoziba pembeni, glavu za kuzuia kukatwa, viatu vilivyofunika. Meza iwe tambarare na imetandikwa kapeti safi, punje moja ya mchanga chini ya kioo inatosha kukipasua. Kioo kisiwe cha baridi.

Safisha, weka rula, chovya kikata kioo kwenye mafuta mepesi, alafu piga mstari mmoja toka ukingo hadi ukingo kwa mgandamizo uleule. Mmoja! Ukirudia juu ya mstari uleule unaharibu ufa ulioanza na unaua gurudumu la kikata. Geuza kioo mstari uwe chini, gonga taratibu kwa juu usawa wa mstari mpaka uone ufa umetembea wote kwa upande ule wa kwanza. Sasa piga mstari wa pili upande huu wa juu, ukiwa juu kabisa ya ule ufa wa chini, alafu geuza tena ugonge. Hapo vioo vyote viwili vimekatika na vimeshikwa na plastiki tu. Pasha mstari kwa hitagani (mashine ya kupuliza hewa ya moto) ikiwa inatembea, usisimame sehemu moja, plastiki ikilainika vuta pande mbili zitengane kidogo, pitisha wembe mwembamba katikati. Wapo wanaomwaga spiriti kwenye ufa na kuiwasha, inafanya kazi na ni njia ya miaka mingi, ila chupa iwe imefungwa na iko mbali, dirisha wazi, na kizima moto kiwe karibu. Mi nashauri hitagani.

Mistari ya kona usiilazimishe kona kali ya ndani. Kona ya ndani yenye pembe ni mwaliko wa ufa, iwe na mviringo. Mviringo wa nje unaukata kwa mistari kadhaa iliyonyooka kisha unachonga kwa mkanda wa msasa wenye maji, anza na msasa namba 80 au 120, panda mpaka 220 au zaidi. Maji lazima, yanapoza na yanazuia vumbi la kioo lisiingie kifuani. Kingo za laminetedi zichongwe zote, hata zile zitakazofichwa na raba.

Kioo cha mbele kilichobinuka

Hapa pana hatari na pana watu wenye uzoefu wa miaka mingi ambao bado wanaagiza vioo viwili kwa kazi ya kimoja. Kikata cha gurudumu kinaweza kupiga mstari kwenye mbinuko mwepesi, lakini kwenye zile kona za pembeni zinazokunjika ufa unatembea unakotaka wenyewe. Njia inayofaulu zaidi ni kupiga mchanga.

Tengeneza kwanza kitanda cha mbao kinachofuata mbinuko wa kioo, kimevikwa sponji, kioo kilale bila sehemu yoyote kuning'inia. Funika pande zote mbili kwa tabaka kadhaa za teipu nene au raba ya kujibandika, uache mstari wazi wa milimita 3 mpaka 5 pale unapotaka kukata, na mstari wa ndani uwe unalingana na wa nje kabisa. Kulinganisha pande mbili pima toka kwenye kingo kwa sehemu nyingi, siyo mbili tatu. Piga mchanga kwa presha ya wastani ukitembeza pua bila kusimama, tabaka baada ya tabaka, mpaka ufike kwenye plastiki. Geuza, rudia. Kisha kata plastiki kwa wembe uliopashwa moto, huku msaidizi ameshika kile kipande kinachoondoka kisije kikaning'inia na kuvunja kilichobaki. Chonga kingo kwa maji kama kawaida. Kazi nzima ni polepole, na unavaa barakoa ya kuzuia vumbi laini kabisa, siyo kile kitambaa, maana vumbi hili linaumiza mapafu na halirudi nyuma.

Jambo linalosahaulika: ile mpaka nyeusi ya rangi ngumu inayozunguka kioo haikuwekwa kwa urembo peke yake. Inakinga gundi isipigwe na jua, gundi ya yurethani ikipigwa na mwale wa jua miaka inakufa. Ukiikata hiyo mpaka, basi lazima urudishe kinga, kwa praima nyeusi ya kioo na juu yake ukanda wa raba au bati la urembo linalofunika eneo lote la gundi.

Na kama kioo chenyewe hakipatikani tena duniani, usikikate. Panga bodi kulingana nacho.

Kutengenezesha tempadi

Ukitaka tempadi kwa umbo lako, kiwanda kinachukua kioo cha kawaida, kinakikata kwa patani yako, kinachonga kingo, kinatoboa matundu, na mwisho kabisa ndo kinaingia kwenye tanuru. Mwisho kabisa. Kikitoka huko hakuna kurekebisha hata milimita moja, ndo maana patani ya plaiwudi iliyopanda na kushuka kwenye mlango ina thamani kuliko mchoro wa karatasi. Tundu la bolti lisiwe dogo kuliko unene wa kioo, na liwe mbali na ukingo angalau mara mbili ya unene huo, uliza kiwanda chako wanataka ngapi maana wengine wanadai zaidi. Kwenye tundu weka bushi ya nailoni na washa laini pande zote, bolti isiguse kioo.

Viwanda vingi vya vioo vya nyumba vinatempa bapa tu. Chenye mbinuko kinahitaji moldi, na kwa kipande kimoja hawatakusikiliza. Waambie wakupigie muhuri wa usalama wao pia, ila kumbuka muhuri wa kioo cha jengo siyo muhuri wa kioo cha gari.

Kukibeba, kisimamishe wima na kikae juu ya mbao au kapeti. Tempadi usoni ni ngumu sana, udhaifu wake uko ukingoni, ukiigusisha kona kwenye sakafu ya zege inaweza kumwagika mikononi mwako.

Polikaboneti

Kwa gari la mashindano, au dirisha la nyuma na pembeni pale sheria inaporuhusu, polikaboneti ni nyepesi (kilo 1.2 kwa mita ya mraba kwa kila milimita, chini ya nusu ya kioo) na haivunjiki kirahisi. Usichanganye na akriliki, plastiki nyingine angavu, zinafanana machoni lakini akriliki inavunjika kwa vipande vikali. Nunua yenye ngozi ngumu ya kuzuia mikwaruzo, na uangalie upande wenye kinga ya jua, huo unaangalia nje. Kioo cha mbele cha gari la barabarani usiweke, waipa na mchanga vitaisugua na usiku taa za wengine zitakupofusha.

Kata kwa msumeno wa umeme wenye meno madogo huku ile karatasi ya kinga bado iko juu, toboa kwa biti kali mwendo wa taratibu, alafu sugua kingo zote na matundu mpaka mikwaruzo ya meno iishe. Kila mkwaruzo ukingoni ni mwanzo wa ufa.

Sasa kosa kubwa la watu: inatanuka kwa joto karibu mara saba ya kioo. Kipande cha mita moja kikitoka asubuhi ya baridi mpaka jua la mchana, tofauti ya digrii 40, kinaongezeka kama milimita 2.6. Ukikibana kwa bolti zilizokaza kwenye matundu yaliyoenea barabara kitajikunja au kupasuka kwenye matundu. Toboa matundu makubwa kuliko bolti, weka washa pana yenye raba, kaza mpaka ishike na uishie hapo. Usitie ile gundi ya kuzuia nati kulegea, inaila polikaboneti na utaona nyufa zinatambaa kuzunguka bolti. Petroli, tina, asetoni na sabuni za vioo zenye amonia, mbali kabisa. Sabuni ya vyombo na maji yanatosha.

Kuikunja bila moto inawezekana mradi mviringo usiwe mkali kuliko mara 100 ya unene, yaani shiti ya milimita 3 nusu-kipenyo kisiwe chini ya sentimita 30, na yenye ngozi ngumu inataka nafasi zaidi, karibu mara 175. Ukitaka mkunjo mkali kuliko huo ni tanuri, na kabla ya hapo shiti lazima likaushwe kwa masaa kwenye joto la digrii kama 120 maana linanyonya unyevu wa hewa, usipolikausha litajaa mapovu. Zile zenye ngozi ngumu kwa kawaida hazikunjwi kwa moto, ngozi inapasuka.

Kufungua dirisha jipya kwenye bati la van

Chagua kioo kwanza, kishike mkononi, ndo uende kwenye bati. Ndani ya van toa urembo wote uone mbavu na nyaya, ubavu unaobeba bodi usiukate kama hujui utarudisha nguvu yake wapi. Chora toka ndani, toboa tundu dogo kila kona kwenda nje, kisha bandika teipu nje na hakiki kama dirisha litakaa sawa ukilitazama kwa mbali kidogo. Kona ziwe na mviringo. Kata kwa msumeno, piga faili kingo, safisha chembe zote za chuma maana kila moja itaota kutu kwenye rangi, paka praima ya kutu mara mbili kwenye ukingo mtupu. Hapo ndo raba au gundi.

Kufunga kioo

Cha raba: visha kioo raba, pitisha kamba imara kwenye mfereji wa raba kuzunguka chote, ncha mbili zipishane katikati chini, paka maji ya sabuni, msaidizi anasukuma toka nje, wewe ndani unavuta kamba ikigeuza mdomo wa raba juu ya bati. Usigonge kwa ngumi, tumia kiganja.

Cha gundi, tumia yurethani ya vioo vya magari. Silikoni siyo ya kazi hii, haina nguvu ya kushika kioo kwenye ajali, na kwenye gari la kisasa kioo cha mbele kinasaidia kubeba paa, na eabegi ya abiria mara nyingi inajiegemeza juu yake ikifunguka. Kwa kingo za laminetedi silikoni yenye harufu ya siki inaharibu plastiki ya kati, utaona ukungu mweupe unaingia toka pembeni.

Bati jipya ulilochomelea liwe na praima ya epoksi iliyokauka kabisa. Kama kuna gundi ya zamani iliyoshika vizuri acha tabaka la milimita 1 au 2, gundi mpya inaishika kuliko kitu kingine. Safisha kioo, paka praima, subiri muda ulioandikwa kwenye chupa. Kata pua ya gundi umbo la V ili mstari utoke kama pembetatu, kimo milimita 10 hadi 12, bila kukata katikati, na ncha zikutane. Weka vitalu vidogo vya raba chini kioo kisiteleze, shusha kioo watu wawili kwa vibano vya kunyonya, bonyeza kidogo kila mahali, funga kwa teipu. Acha dirisha moja wazi, mlango ukifungwa kwa nguvu gari likiwa limeziba hewa inasukuma kioo na kufungua njia ya maji. Gundi hii inakauka kwa unyevu wa hewa, kwa hiyo siku kavu na za baridi inachelewa, muda wa kuruhusiwa kuendesha umeandikwa kwenye kopo, uheshimu.

Tinti

Fupi tu. Filamu ya tinti inabandikwa upande wa ndani wa kioo, kwa maji yenye sabuni kidogo, na kwenye kioo kilichobinuka unaitengeneza kwanza kwa nje kwa hitagani. Filamu nyingi zinakubali kunywea upande mmoja zaidi, ule wa urefu wa roli, kwa hiyo panga mikunjo iangukie upande huo. Na hesabu ya mwanga ni ya kuzidisha, kioo kinachopitisha asilimia 75 ukiweka filamu inayopitisha asilimia 50 unabaki na 37.5, siyo 50. Usikate filamu kwa wembe juu ya nyaya za kioo cha nyuma, na usitie tinti kwenye polikaboneti bila filamu iliyotengenezwa kwa ajili yake, hewa inayotoka kwenye plastiki inaleta mapovu.

Ukaguzi

Gundi ikishakauka, mwagia maji ya mpira bila presha, anza chini panda juu taratibu, mtu awe ndani na tochi. Ukianza juu maji yatashuka na hutajua yameingilia wapi. Pandisha na kushusha kila dirisha mara nyingi, sikiliza mashine inalemewa wapi. Endesha kwenye barabara mbovu mwendo mdogo, rudi, angalia kingo zote kwa tochi ya pembeni, hasa kona, na kama kuna mahali kioo kimesogelea chuma kichomoe ukirekebishe siku hiyohiyo.